Bei ya Kujulikana

Jioni moja ya Septemba 2014, jua likizama upande wa Ziwa Eyasi, Mmarekani aitwaye Jeff Leach alilala chali, miguu juu, kwa karibu nusu saa. Alikuwa amejipandikizia kinyesi cha mwanamume wa Kihadzabe kwa bomba ambalo kwao hutumika jikoni kumwagilia nyama mchuzi. Alitaka vijidudu. Aliamini kwamba tumbo la mtu wa mjini limepoteza viumbe vingi ambavyo tumbo la mwindaji bado linavyo, na hakuwa na subira ya kungoja maabara zithibitishe. Baadaye alikiandika kisa hicho mwenyewe, ulimwengu ukakisoma, wengine wakacheka, wengine wakaona kinyaa. Jina la aliyetoa kinyesi halikutajwa.

Wengi walikisimulia kama kituko. Mimi naona biashara: mali ilihama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine bila mizani wala risiti, na thamani yake ilikuwa katika habari iliyobebwa na mwili wa mtu anayekula mizizi, ubuyu, asali na nyama ya porini. Nchi ya Mbulu na Hanang, kaskazini mwa Tanzania, imekuwa ikitoa mali ya namna hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja. Kodi, mashamba ya ngano, vinasaba na laini za simu vinaonekana kuwa mambo yaliyo mbalimbali, lakini kila mara ugomvi umerudi palepale: habari za watu ni za nani kuuza, mtu peke yake au kundi lake?

Wairaqw walijua mapema kwamba kujulikana kuna gharama. Katika nyanda za juu za Mbulu, karne ya 19, nyumba zao zilichimbwa kwenye mteremko wa kilima na paa la udongo likalingana na ardhi ya juu yake, kiasi kwamba mshambuliaji wa Kimasai angeweza kupita karibu asijue kuna watu na ng'ombe chini ya nyasi. Kisha wakaja wageni wa aina nyingine. Kodi ya nyumba ya Wajerumani, iliyoanza mwaka 1898 kwa rupia 3 kwa nyumba ya kijijini, ilifika huku polepole, lakini ilipofika, habari ya nyumba iko wapi na ni ya nani ikawa na bei iliyoandikwa. Waingereza waliiendeleza kwa sheria yao ya kodi ya kibanda na kichwa ya 1922. Daftari la karani ndilo lililokuwa kanzidata ya kwanza ya wilaya hii, na aliyeandikwa humo alijua vizuri kwamba hakuandikwa kwa faida yake.

Nyumba huwezi kuihamisha usiku. Ng'ombe unaweza. Miongoni mwa Wairaqw na majirani zao Wadatoga, na mara nyingi baina yao, ng'ombe wa mtu mmoja hulala katika maboma ya watu kadhaa. Anayewatunza hunywa maziwa na kutumia samadi. Mwenye mali huepuka kupoteza kundi zima kwa ugonjwa mmoja au wizi wa usiku mmoja. Faida ya tatu haisemwi sana mbele ya wageni: hakuna awezaye kusimama mlangoni pa boma akasema mwenyeji ana ng'ombe wangapi. Atahesabu mikia, hatahesabu utajiri. Serikali ya Kiingereza ilipoendesha mpango wake wa kupunguza mifugo katika nyanda za juu za Mbulu, jambo ambalo mkuu wa wilaya C. I. Meek aliliandikia makala mwaka 1953, ilibidi ianze kwa kuuliza swali ambalo desturi ilikwisha kulifanya kuwa gumu kujibiwa. Siri ya mali haikutunzwa na mtu mmoja kwa kufunga mdomo. Ilitunzwa na mtandao wa marafiki na wakwe, kila mmoja akijua kipande chake.

Wabarbaig, yaani Wadatoga wa Hanang, walifundishwa jambo hilohilo kwa upande wa maumivu. Tanganyika ilikuwa na Sheria ya Adhabu ya Pamoja ya 1921. Mtu akiuawa, muuaji asijulikane au watu wake wakatae kumtaja, jamii nzima ilitozwa ng'ombe. Serikali haikumtafuta mtu mmoja kwa muda mrefu. Ukimya wa wote ulilipiwa na wote. Nataka msomaji aliweke hilo akilini, kwa sababu kizazi kimoja tu baadaye dola ileile, sasa ikiwa huru na yenye bendera yake, ilisahau kabisa kwamba iliwahi kuwatambua Wabarbaig kama kundi.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilianza kulima ngano katika tambarare za Basotu, huko Hanang. Canada ilileta fedha, matrekta na wataalamu, na mashamba yakaongezeka hadi saba, jumla ya ekari zipatazo 100,000. Ardhi hiyo ilikuwa malisho bora ya Wabarbaig, yenye maji, chumvichumvi na makaburi ya wazee wao. Makaburi mengine yalipitiwa na plau. Kijiji cha Mulbadaw, pamoja na wanakijiji 67, walikwenda mahakamani mwaka 1981. Mahakama Kuu ya Arusha iliwapa ushindi. NAFCO ikakata rufaa, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikageuza hukumu: halmashauri ya kijiji haikuonyesha kwamba iligawiwa ardhi ile, na wanakijiji hawakuthibitisha kwamba wao ni wenyeji kwa maana ya Sheria ya Ardhi ya 1923, sheria ya mkoloni.

Isome tena polepole. Watu waliotozwa faini kwa sababu ni Wabarbaig waliambiwa wathibitishe kwamba ni wenyeji wa mahali walipozika babu zao. Kundi lilitambuliwa kwenye faini, likatoweka kwenye fidia. Wanasheria wameandika mengi juu ya kesi hiyo kama kesi ya ardhi, na ni haki yao. Mimi huisoma pia kama kesi ya taarifa. Dola ilikuwa na madaftari ya kodi, orodha za sensa, taarifa za wakuu wa wilaya za miaka sitini. Habari zote za kuthibitisha nani anaishi Hanang zilikuwa kwenye makabati yake. Mzigo wa kuzitoa ukawekwa begani mwa wale ambao habari zao zilichukuliwa.

Bonde la Yaeda liko upande wa magharibi, chini ya nyanda za Mbulu, na Wahadzabe wanaoishi humo waliwasumbua makarani kwa njia yao. Hawakuwa na nyumba ya kudumu ya kuandika wala ng'ombe wa kuhesabu. Kodi haikuwa na pa kushika. Kwa hiyo waliomiminika huko walikuwa wasomi. Mjerumani Erich Obst alipita mwaka 1911. Dorothea Bleek wa Afrika Kusini alikuja mwaka 1930 kusikiliza lugha yao, akachapisha makala mwaka uliofuata. Ludwig Kohl-Larsen, daktari wa Kijerumani na mwanachama wa chama cha Nazi, alikaa Eyasi mara mbili katika miaka ya 1930, akachimba mafuvu na kuandika hadithi za wazee zikawa vitabu vya Kijerumani. James Woodburn alifika mwaka 1958 na hakuacha kurudi. Waliompa mgeni hadithi, neno au siku ya kuwinda naye walipata tumbaku, shanga, vitambaa, misumari ya kufulia vichwa vya mishale. Si ulaghai, tusikimbilie neno hilo. Kwa wakati ule hadithi ilikuwa na thamani ndogo kwa msimuliaji, kwa kuwa alibaki nayo baada ya kuitoa, na msumari ulikuwa na thamani kubwa.

Lakini hapo ndipo ugumu wote wa biashara ya taarifa ulipojificha. Ukimuuzia mtu mzinga wa asali, asali imekwenda. Ukimuuzia habari zako, unabaki nazo, naye anazo, na kesho anaweza kumpa wa tatu bila kukuuliza na bila kupungukiwa. Muuzaji hupanga bei kwa kuangalia anachopoteza leo, ambacho ni kama si kitu. Mnunuzi huangalia atakachopata kwa miaka mingi ijayo. Wala siyo siri zote ziko sokoni. Wahadzabe wana mambo ya epeme, nyama ya wanaume na ngoma ya usiku usio na mwezi, ambayo kwa desturi yao si kila jicho linaruhusiwa kuyaona. Yameandikwa kwa urefu katika majarida, na mwanafunzi yeyote wa chuo cha Ulaya anaweza kuyasoma akinywa kahawa. Mimi nitaishia hapa.

Serikali huru nayo ilitaka kuwajua Wahadzabe kwa kuwaweka mahali pamoja. Katikati ya miaka ya 1960 walihamishiwa makazi ya Yaeda. Wengi waliugua, wengine wakafa, na waliobaki wakarudi porini. Sensa ya 1967 ilikuwa ya mwisho Tanzania kuuliza kabila. Uamuzi wa kufuta swali hilo ulikuwa wa kisiasa, wa kujenga taifa, na naona ulikuwa wa busara kuliko sheria nyingi za faragha zilizokuja baadaye: njia salama kuliko zote ya kulinda taarifa ni kutoikusanya. Una upande wake mwingine, hata hivyo. Wahadzabe wanakadiriwa kuwa elfu moja na mia kadhaa, na makadirio hayo yanatoka kwa watafiti. Taifa liliacha kuwahesabu. Maabara ndizo zikaanza.

Vinasaba vilitangulia. Mwaka 2009 Sarah Tishkoff wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake, akiwamo Thomas Nyambo wa Muhimbili, walichapisha utafiti wa jamii 121 za Afrika. Wahadzabe, Wairaqw na Wadatoga wote walikuwamo. Kabla ya hapo, katika utafiti wa 2007, watu wa jamii hizi walikunywa sukari ya maziwa na kuchomwa vidole kupima damu, ili ijulikane kwa nini mfugaji mzima anakunywa maziwa na tumbo lisimsumbue. Mwaka 2012 vinasaba vyote vya watu 15 vilisomwa mwanzo hadi mwisho: watano wa Cameroon, Wasandawe watano, Wahadzabe watano. Yakapatikana mamilioni ya tofauti za vinasaba ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Mwaka huohuo Herman Pontzer alionyesha, kwa Wahadzabe 30 waliokunywa maji yenye alama maalumu, kwamba mwindaji anayetembea kutwa hatumii nguvu nyingi kwa siku kuliko karani wa Marekani mwenye umbo kama lake. Ugunduzi huo ulitikisa wanaouza mazoezi ya kupunguza uzito, na mwaka 2021 ukawa kitabu.

Kisha kinyesi. Mwaka 2014 yalitoka matokeo ya Wahadzabe 27. Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha utafiti wa sampuli 350 kutoka kwa watu 188, ukionyesha kwamba vijidudu vya tumboni mwao hubadilika na majira, vingine vikitoweka masika na kurudi kiangazi. Mwaka 2023 maabara ya Justin Sonnenburg wa Stanford na wenzake walitoa jinomu 91,662, yaani seti za vinasaba, za vijidudu na virusi kutoka matumbo ya Yaeda na ya jamii walizolinganishwa nazo, asilimia 44 zikiwa hazimo katika kanzidata zilizokuwapo. Mhadzabe kwa wastani alikuwa na aina 730 za viumbe. Mtu wa California 277.

Tafiti hizi zilikuwa na vibali. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ilipitisha, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ilipitisha, ridhaa iliombwa, majina yakaondolewa. Baadhi ya watafiti wamesaidia matibabu na ada za shule, na sioni sababu ya kuwadharau. Shida iko kwenye hesabu. Watu 188 kati ya elfu moja na mia kadhaa ni karibu mmoja kwa kila saba. Kwa kipimo hicho utafiti mmoja wa Marekani ungehitaji kinyesi cha watu zaidi ya milioni 40. Na kuondoa jina kunamficha mtu penye umati. Latanya Sweeney alionyesha mwaka 2000 kwamba Wamarekani 87 kati ya 100 wanaweza kutambulika kwa mambo matatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na eneo la posta. Hayo ni katika nchi ya mamia ya mamilioni. Yaeda, ukisema mwanamke wa umri fulani katika kambi fulani mwaka fulani, umekwisha kumtaja. Majirani watakuambia hata alikuwa amevaa nini siku ile.

Tena vinasaba havimhusu aliyetoa mate peke yake. Wahadzabe watano wale wa 2012 walisema mengi juu ya kaka zao, watoto wao, na wajukuu ambao hawajazaliwa, hao wote wasiulizwe. Mwaka 2022 Daron Acemoglu, ambaye miaka miwili baadaye alishiriki Tuzo ya Nobel ya Uchumi, alichapisha na wenzake watatu makala inayoeleza kinachotokea sokoni kwa hali hiyo. Habari zangu zikikufichua na wewe, basi mimi nikishauza, mnunuzi ameshakujua nusu, na habari zako zinashuka bei hata kabla hujafika kaunta. Kila anayeuza anamharibia bei jirani yake. Mwisho wa yote bei inakaribia sifuri na habari zinauzwa nyingi mno, ingawa kila mtu moyoni mwake anaithamini siri yake. Waliandika wakiwazia makampuni ya mitandao ya kijamii. Wangeweza kuiandika wakiwa wamekaa chini ya mbuyu katika kijiji cha Mongo wa Mono, bondeni Yaeda.

Haydom ni mji ulio safari ya vumbi kutoka bondeni, na huko mambo yalikwenda kwa utaratibu mwingine. Hospitali ya Kilutheri iliyoanzishwa na Wanorwe mwaka 1955 ilikuwa kituo kimoja kati ya vinane duniani vya utafiti ulioitwa MAL-ED, uliogharimiwa na mfuko wa Bill na Melinda Gates, kuanzia 2009. Zaidi ya watoto 200 wa vijiji vya jirani walifuatwa tangu kuzaliwa. Wahudumu walipita majumbani mara mbili kwa wiki kuuliza nani anaharisha, wakachukua kinyesi, mkojo na damu. Vituo hivyo vinane viliwasilisha data ambayo leo inasomwa na wanasayansi wa kila bara. Kwa kipimo cha faragha mtoto wa Haydom alichunguzwa kuliko Mhadzabe yeyote. Tofauti ni kwamba mchunguzaji alikuwa na mlango ambao mama angeubisha usiku wa manane mtoto akizidiwa. Hospitali haihami mradi ukiisha. Ninaposikia watu wakijadili kama mtafiti alipe fedha taslimu au asilipe, huwa nakumbuka Haydom, ambako malipo makubwa kuliko yote yalikuwa kuendelea kuwapo.

Simu za mkononi zilipeleka biashara hii kwa kila mtu, hata asiyewahi kumwona mtafiti. Mei 2019 Tanzania ilianza kusajili laini kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na baada ya kuahirisha, ikaanza kufunga zisizosajiliwa 20 Januari 2020. Foleni za NIDA, mamlaka ya vitambulisho hivyo, za mwisho wa 2019 zinakumbukwa wilaya zote. Waliosajiliwa walijifunza baadaye kubonyeza *106# ili waone ni namba ngapi zinatembea kwa jina lao, kwa kuwa kidole kilichobonyezwa kwa wakala kando ya mnada kingeweza kufungua zaidi ya laini moja.

Mkopo ukafuata. Huduma ya simu ya M-Pawa, ya mwaka 2014, ilimkopesha mtu kwa kuangalia historia ya miamala yake. Huo ni ubadilishaji unaoeleweka, habari zangu kwa fedha yako. Programu za mikopo zilizozuka baadaye zilidai kitu kingine: orodha ya namba zote zilizo kwenye simu. Mkopaji akichelewa, ujumbe wa kumwaibisha ulikwenda kwa shemeji, kwa mwalimu mkuu, kwa katibu wa kanisa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Angalia dhamana ilikuwa nini. Mkopaji wa mji wa Katesh, Hanang, aliweka rehani majina ya watu wasiojua kwamba wamewekwa rehani. Ni hesabu ileile ya vinasaba: mmoja anabonyeza "nakubali", ukoo mzima unaingia kwenye daftari.

Hata ng'ombe wamerudi kwenye daftari. Sheria ya kutambua na kusajili mifugo ilitungwa mwaka 2010, na kampeni ya hereni za kielektroniki ilipokuja zaidi ya miaka kumi baadaye, mfugaji alitakiwa kulipa Sh 1,750 kwa kila ng'ombe na Sh 1,000 kwa mbuzi au kondoo. Mtoa taarifa ndiye aliyelipia kutoa taarifa! Wafugaji walilalamika, na walikuwa na haki. Kampeni iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Juni 2025 ilibadilisha mpango: hereni bure, chanjo kwa bei iliyopunguzwa na ruzuku. Hereni hiyo ina manufaa ya kweli kwa kupambana na wizi na magonjwa. Ila ina namba moja kwa ng'ombe mmoja na mmiliki mmoja, na ule mtandao wa zamani wa kulaza mifugo katika maboma ya wengine hauna mahali pa kuandikwa.

Sheria kamili ya faragha ilifika kwa kuchelewa. Katiba ilikwisha kutamka haki hiyo katika ibara ya 16, lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022, ikaanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa 3 Aprili 2024. Ni sheria nzuri kuliko wengi walivyotarajia. Vinasaba na alama za mwili ni taarifa nyeti; anayekusanya lazima ajisajili; kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti; aliyeumizwa anaweza kudai fidia. Mlalamikaji wake, hata hivyo, ni mtu mmoja mmoja, mhusika wa taarifa. Ridhaa ni yake, malalamiko ni yake, fidia ni yake. Mulbadaw imerudi kwa mlango wa nyuma.

Upande wa ardhi, watu wa Yaeda wameshapita hatua hiyo. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Mongo wa Mono walipata hati ya haki miliki ya kimila kwa pamoja, zaidi ya hekta 20,000, kwa msaada wa shirika la UCRT. Edward Loure wa shirika hilo alipata Tuzo ya Goldman mwaka 2016 kwa kazi ya hati za namna hiyo. Juu ya hati hiyo wakajenga biashara ambayo miaka ya Woodburn ingeonekana ndoto. Kampuni ya Carbon Tanzania huuza nje hewa ukaa iliyobaki kwenye miti kwa kuwa haikukatwa kwa kilimo. Walinzi wa Kihadzabe na Kidatoga hupita porini wakiandika uharibifu, na fedha hugawanywa kupitia serikali za vijiji: posho za walinzi, matibabu, ada za wanafunzi. Hakuna Mhadzabe mmoja anayeweza kuuza kaboni ya mti mmoja kwa mgeni aliyeshuka kwenye gari na shanga mfukoni. Muuzaji ni kijiji, na bei hujadiliwa kwenye mkutano ambao yeyote anaweza kusimama akapinga.

Wengine wameshavuka kutoka kwenye mti hadi kwenye damu. Wahavasupai wa Arizona walitoa damu kwa utafiti wa kisukari mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha wakagundua imetumika kuchunguza wazimu, ndoa za ndugu na asili ya kuhama kwao. Walishtaki kama kabila. Mwaka 2010 chuo kikuu cha jimbo kilikubali kuwalipa dola 700,000 na kurudisha damu iliyobaki. Wasan wa Afrika Kusini walitangaza mwaka 2017 kanuni zao za utafiti, na mtafiti asiyezifuata hapiti kwenye baraza lao. Huko Papua Guinea Mpya, Marekani ilijipa mwaka 1995 hataza ya chembehai za mtu wa kabila la Hagahai, ikaiachia mwaka uliofuata baada ya kelele kubwa. Mkataba wa Nagoya wa 2010, unaogawa faida za mimea na wanyama, uliacha vinasaba vya binadamu nje. Kwa hiyo ubuyu wa Yaeda una mkataba wa kimataifa wa kuutetea, aliyeuchuma hana.

Jirani yetu Kenya ameonyesha mipaka ya dawa ya kwenda mahakamani. Mwaka 2023 watu walipanga foleni Nairobi wachunguzwe mboni ya jicho na Worldcoin, wakapewa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban Sh 7,000 za Kenya. Serikali ilisimamisha zoezi Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo zifutwe. Amri iliwezekana kwa sababu kampuni ilikuwa moja na ilijulikana ilipo. Kwa matumbo ya Yaeda ingepelekwa kwa nani? Mafaili ya vijidudu yako kwenye kanzidata za wazi, yameshapakuliwa mara nyingi, na yeyote mwenye kompyuta nzuri, awe profesa au mtengeneza vidonge vya tumbo, anaweza kuyachukua leo bila kumwomba mtu. Hayo yameshakwenda. Kilichobaki mikononi mwa Mongo wa Mono ni sampuli ya mwaka kesho, na mkutano wa kijiji ambao tayari hukaa kugawa fedha za miti.